Filipo Alipanda Garini: Vitabu vya Kuwasaidia Wenye Ulemavu, na Nani Atavisoma

Masomo ya juma hili: Matendo ya Mitume 8:26–40, 2 Samweli 4:4 na 9:1–13, Walawi 19:14



Yule towashi wa Kushi alikuwa na kitabu. Tusipite haraka hapo. Siku zile kitabu kilikuwa gombo lililoandikwa kwa mkono, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Yeye alitunza hazina ya malkia, kwa hiyo alikuwa nalo. Alijua kusoma, tena alisoma kwa sauti njiani, ndiyo maana Filipo alimsikia. Kitabu kilikuwepo, macho yalikuwepo, nia ilikuwepo. Lakini alipoulizwa kama anaelewa, alijibu kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, akamwomba Filipo apande na kuketi pamoja naye. Filipo hakumwambia amfuate mpaka sinagogi. Alikimbia yeye mwenyewe, akapanda, akaanzia pale pale mwenzake alipokuwa amefika katika usomaji wake.

Tena mtu huyo mwili wake ulikuwa umeharibiwa. Kumbukumbu la Torati 23:1 lilimzuia mtu kama yeye kuingia katika kusanyiko. Alikuwa ametoka Yerusalemu kuabudu, na tunaweza kuwaza alisimama wapi wakati wengine walipokuwa wanaingia. Gombo lililokuwa mikononi mwake lilikuwa Isaya, na mahali alipokuwa anasoma ni sura tunayoihesabu leo kuwa ya 53. Sura tatu tu mbele, katika 56:3–5, Mungu anasema na matowashi wenyewe na kuwaahidi mahali na jina ndani ya nyumba yake. Luka hasemi kama walifika hapo kabla ya kuyaona maji. Mimi napenda kufikiri kwamba walifika.

Tumechagua somo hili kwa sababu ya swali ambalo wazazi wengi wa Bunia wanalibeba kimya. Mama ana mtoto wa miaka minne asiyeketi. Baba ana kijana anayeanguka kifafa. Mzee alipigwa risasi ya mgongo kijijini, leo amelala chini ya turubai. Wanauliza: tufanye nini nyumbani, kesho asubuhi? Jibu tulilolizoea ni mawili: maombi, au safari ya Kampala. Maombi ni mema na hatuyaachi. Kampala ni ghali. Katikati ya hayo mawili kuna maarifa mengi yaliyokwisha kuandikwa kwa ajili ya watu wasio na daktari na wasio na fedha, na maarifa hayo yamelala katika vitabu. Tunataka kueleza leo ni vitabu gani, vinapatikana namna gani, na kwa nini kuwa navyo tu hakutoshi.

Kwanza tumkumbuke Mefiboshethi. Hakuzaliwa na ulemavu. Alikuwa na miaka mitano habari ya vita ilipofika, yaya akamnyakua na kukimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Sisi wa Ituri hatuhitaji mhubiri wa kutufafanulia mstari huo. Vita vya 1999 mpaka 2003, na tena mauaji yaliyoanza mwishoni mwa 2017 katika Djugu na kuenea, vimetuachia watu wengi wa namna hiyo: waliokatwa kwa panga, waliopigwa risasi, watoto waliougua porini wakati wa kukimbia. Wengi wao ni miongoni mwa ndugu zetu waliohamishwa, wale tunaowaita wadeplase, katika Kigonze na kwingineko. Mtu akihesabu wenye ulemavu wa mji huu bila kufika kwenye turubai, hesabu yake ni nusu.

Sasa vitabu vyenyewe. Kama ningeruhusiwa kuweka kimoja tu katika kila kanisa, ningeweka kile ambacho kwa Kifaransa kinaitwa L'enfant handicapé au village, yaani mtoto mwenye ulemavu kijijini. Aliyekiandika ni David Werner, Mmarekani, naye si daktari: alisomea elimu ya viumbe. Watu wengi wanamjua kwa kitabu chake cha kwanza cha miaka ya 1970, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari, na wauguzi wa Kongo wanakijua kwa Kifaransa. Kitabu cha watoto wenye ulemavu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1987. Werner mwenyewe ana ugonjwa wa kudhoofika misuli ya miguu na mikono, na alipokuwa mtoto alivalishwa vyuma na viatu ambavyo havikumsaidia. Kitabu alikitoa katika kazi ya kijiji kimoja cha milimani huko Mexico, Ajoya, ambako wanakijiji wenye ulemavu ndio waliokuwa mafundi, wauguzi na viongozi wa kituo chao. Kwa hiyo kimeandikwa kutoka upande wa anayekalia kiti.

Kina kurasa zaidi ya 600 na michoro maelfu. Usiogope ukubwa wake. Hakisomwi kutoka mwanzo mpaka mwisho kama riwaya, kinafunguliwa mahali mtoto wako alipo. Nitatoa mifano michache ili msomaji aone kwamba si maneno ya mikutano.

Mtoto mwenye utindio wa ubongo, yule ambaye wauguzi wetu kwa Kifaransa wanamwita IMC, mara nyingi analishwa akiwa amelala chali, kichwa kimeangukia nyuma juu ya mkono wa mama. Mama anafanya hivyo kwa upendo na kwa kuchoka. Lakini kichwa kikiwa nyuma, uji unaingia kwa urahisi katika njia ya pumzi. Mtoto anakohoa, anapata homa ya mapafu, anakonda, na siku moja anakufa, halafu watu wanasema ulemavu umemwua. Ulemavu haukumwua. Anatakiwa kuketishwa wima, kichwa kikiinama kidogo mbele, na mlishaji akae mbele yake, si nyuma wala juu, akitumia kijiko kidogo bila haraka. Kitabu kinaonyesha kwa michoro namna ya kumketisha: katika kona ya ukuta, katika beseni lenye nguo, katika kiti ambacho seremala yeyote wa kartye anaweza kukitengeneza kwa mabaki ya mbao.

Mguu uliopinda wa mtoto mchanga, wayo ukitazama ndani, unanyoshwa kwa plasta inayobadilishwa kila juma, majuma kadhaa mfululizo, kisha viatu vya kushikilia ambavyo mtoto huvivaa usiku kwa miaka mpaka mguu ukubali. Njia hiyo ilianzishwa na daktari Ignacio Ponseti huko Marekani, na jirani zetu wa Uganda wameifundisha kwa wauguzi wao kwa miaka mingi. Neno la maana hapa ni *mapema*. Mtoto akifikishwa hospitalini katika majuma yake ya kwanza, kwa kawaida anatembea kama wengine. Akifichwa nyumbani miaka sita kwa sababu ya aibu, itahitajika kisu, na matokeo hayatakuwa yale yale.

Na yule mzee wa risasi ya mgongo. Mtu asiyesikia miguu yake hasikii pia ngozi ikifa chini yake. Majeraha ya kulalia yanawaua watu wa namna hii kuliko risasi yenyewe. Kitabu kinaeleza: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kuitazama ngozi kila siku kwenye makalio, mgongo, visigino, kuweka laini panapobonyea, kumpa maji ya kunywa ya kutosha ili mkojo usioze. Hakuna hata kimoja katika hayo kinachohitaji fedha nyingi. Kinahitaji mtu ajue, na majirani wapokezane.

Kwa watoto wasioona na watoto wasiosikia, shirika lile lile la Hesperian lililochapisha vitabu vya Werner lina vitabu viwili vingine, cha watoto wasioona mwaka 2000 na cha watoto wasiosikia mwaka 2004. Vimeandikwa kwa ajili ya wazazi wenye watoto wadogo, kabla ya umri wa nyumba ya masomo. Hesperian ina desturi njema: inaruhusu watu watoe nakala za kurasa zake na kuzitafsiri, mradi wasizifanye biashara. Vingi vya vitabu hivyo viko kwenye intaneti, na mtu mwenye simu anaweza kuvisoma.

Kuhusu kifafa inabidi nikae kidogo, kwa kuwa ni jambo la Ituri hasa. Katika eneo la afya la Logo, huko Mahagi, watafiti wamekuta vijiji vyenye kifafa kingi kupita kawaida, na vijiji hivyo viko karibu na mito ya maji ya kasi. Katika mito hiyo anazaliana inzi mdogo mweusi anayebeba minyoo ya ugonjwa wa upofu wa mtoni. Leo wanasayansi wanaamini kwamba watoto walioumwa sana na inzi huyo, na kujaa minyoo hiyo mwilini, ndio wanaoanza kifafa wakiwa kati ya miaka mitatu na kumi na minane. Dawa ya kuzuia ipo, ile ya Mectizan inayogawiwa bure vijijini, na kampuni ya Merck ilianza kuitoa sadaka mwaka 1987. Kila anayekataa kumeza Mectizan kwa sababu inawasha ngozi anapaswa kusikia habari hii.

Wale waliokwisha kuugua, mapovu yao hayaambukizi. Mtoto akianguka karibu na moto, mvute. Mlaze ubavu, mwondolee vitu vigumu vilivyo karibu, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, ungoje. Dawa ya kila siku, kama fenobabitali, si ya bei kubwa, na wengi wanaoitumia bila kuruka siku huanguka mara chache au hawaanguki tena. Sasa neno kwa sisi wahubiri, na nalisema wazi. Kumwambia mtu aliyeombewa aache dawa hiyo ghafula ni hatari kubwa. Degedege linaweza kurudi moja juu ya jingine bila kukoma, na mtu akafa siku hiyo hiyo. Mwenye imani kwamba ameponywa arudi kwa muuguzi, apunguziwe pole pole, chini ya macho ya anayejua. Bwana Yesu mwenyewe alimwambia aliyetakaswa ukoma aende akajionyeshe kwa kuhani (Luka 5:14), maana kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuthibitisha.

Basi, vitabu hivi na vya namna hii viko wapi? Bunia si mji maskini wa maktaba, au bibliyoteki kama tunavyosema. Tuna ya Université Shalom, chuo kilichotokana na shule ya theolojia iliyoanzishwa mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu mwaka 2007. Tuna ya ISP. Tuna ya Chuo Kikuu cha Bunia. Shule za wauguzi nazo zina makabati yao. Vyuo vina kanuni juu ya wasomaji wasio wanafunzi, lakini barua ya mchungaji yenye muhuri bado inafungua milango mingi hapa kwetu, na mara nyingi mwanafunzi wa kanisa lako tayari ana kadi.

Ukiingia, usishangae ukiambiwa hakuna sehemu ya ulemavu. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey, na katika hesabu ile ulemavu umetawanyika kama familia iliyokimbia vita. Huduma kwa wenye ulemavu wa mwili ziko kwenye 362.4. Elimu ya watoto wenye mahitaji ya pekee iko 371.9, mbali kidogo, pamoja na ualimu. Kifafa kiko kwa waganga, 616.853. Lugha za ishara ziko 419, karibu na lugha nyingine. Huduma ya kichungaji iko 259.4, na hapo utawakuta wenye ulemavu wamewekwa rafu moja na wagonjwa. Sipendi jambo hilo. Mtu asiyeona si mgonjwa, anaweza kuwa na afya kuliko mimi. Lakini namba ni namba. Ziandike kwenye karatasi na uzipeleke kwa mtunza maktaba. Kumwuliza kwa namba au kwa jina la kitabu kunakufikisha haraka kuliko kumwuliza kwa neno la jumla.

Kwenye rafu za theolojia, mtafute Samuel Kabue. Ni Mkenya asiyeona, aliyeongoza kwa miaka mingi mtandao wa wenye ulemavu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, unaoitwa EDAN, ulioanza mwaka 1998 na wenye makao Nairobi. Mtandao huo ndio ulioandaa tamko la mwaka 2003 ambalo Kifaransa chake ni Une Église de tous et pour tous, yaani Kanisa la wote na kwa ajili ya wote. Ni fupi, na mwanafunzi wa theolojia anaweza kulifasiri kwa Kiswahili katika likizo moja. Mwaka 2011 Kabue na wenzake walitoa kitabu cha Kiingereza juu ya ulemavu, jamii na theolojia, chenye sauti za Waafrika wenyewe. Tunao wahubiri wengi wanaofundisha Yohana 9 kana kwamba wanafunzi walikuwa na haki kuuliza nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Katika vitabu hivi msomaji atakutana na watu waliokua wakiulizwa swali hilo mlangoni mwa kanisa, nao wanaeleza lilivyowauma.

Sheria nitaipita upesi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, na kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataja maktaba kwa jina miongoni mwa mahali wanapopaswa kufika. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya nchi, namba 22/003. Mkuu wa shule anayemkataa mtoto kwa sababu ya mguu wake aonyeshwe karatasi hiyo. Iko kwa Kifaransa, na mwanasheria yeyote wa kanisa anaweza kuitafuta na kuieleza.

Lakini hapa ndipo tunaporudi kwenye gari la Mkushi. Karibu kila kitu nilichotaja kiko kwa Kifaransa au Kiingereza, kimechapishwa kwa wino, na kimewekwa ndani ya jengo. Asiyeona hasomi wino. Asiyesikia, ambaye hakufundishwa ishara wala kusoma, kwake ukurasa ni ukurasa tu. Mwenye kinga ya mikono, ile ya magurudumu matatu, anaishia kwenye ngazi. Na mama wa mtoto asiyeketi hana saa ya kwenda maktaba, kwa sababu ya mtoto asiyeketi. Walawi 19:14 inakataza kumtukana kiziwi na kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza. Tumezoea kufikiri kikwazo ni jiwe. Rafu ya juu nayo ni kikwazo.

Wasioona wana maandishi yao tangu Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, akaumia jicho kwa chuma cha kazi ya baba yake fundi wa ngozi, akapofuka kabisa akiwa bado mtoto. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alikwisha kubuni nukta sita zinazosomwa kwa kidole, na kitabu chake kikatoka mwaka 1829. Nukta zile zile zinaandika Kifaransa, Kiswahili na lugha zetu zote. Taabu yake ni unene: Biblia nzima kwa braille ni mafungu makubwa yapata arobaini, yanajaza kabati. Kwa hiyo kwa wasioona wengi wa hapa njia iliyo karibu ni sikio. Simu nyingi za sasa zina programu inayosoma kwa sauti maandishi ya skrini, imo ndani bila malipo, ila mtu aonyeshwe namna ya kuiwasha. Biblia za kusikiliza zipo kwenye vifaa vidogo vya umeme wa jua. Na kuna kitu rahisi zaidi ambacho hakina chapa: msichana wa darasa la sita anayejua kusoma vizuri, mwenye simu ya kurekodi, anayemsomea babu sura moja kila jioni. Baada ya miezi michache kanisa lina maktaba ya sauti.

Kwa wasiosikia, msimsahau Andrew Foster. Alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1925 Alabama, akapoteza masikio yote mawili kwa homa ya uti wa mgongo alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha Gallaudet, chuo cha wasiosikia. Misheni zilisita kumtuma kwa kuwa hasikii, basi akaanzisha ya kwake, na mwaka 1957 akafika Ghana. Kabla ya kufa alikuwa ameanzisha shule zaidi ya thelathini za wasiosikia katika nchi za Afrika, na Kongo yetu, wakati huo Zaïre, ni mojawapo. Ishara ambazo viziwi wengi wa nchi zinazosema Kifaransa wanazitumia zina mzizi katika kazi yake. Alikufa katika ajali ya ndege Rwanda, si mbali na mpaka wetu wa Goma, tarehe 3 Desemba 1987. Miaka mitano baadaye Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 3 Desemba kuwa siku ya watu wenye ulemavu duniani. Haikuchaguliwa kwa ajili yake. Lakini kanisa linaloadhimisha siku hiyo kwa kugawa sabuni na kupiga picha lingefanya vizuri kulitaja jina lake, na kumpa kiziwi mmoja wa kartye dakika kumi za kutufundisha ishara za Yesu, kanisa, maji, mama.

Basi kazi inayobaki inahitaji miguu na midomo. Kanisa lenye wanafunzi wawili wa chuo, muuguzi mmoja na mama mmoja mwenye mtoto mwenye ulemavu tayari lina watu wa kutosha. Mama ndiye anayeanza, maana ndiye anayejua swali. Anasema: mtoto wangu anakaba akila. Wanafunzi wanakwenda kutafuta kurasa zinazohusu swali hilo, wanatoa nakala, wanakaa jioni moja na kuzigeuza Kiswahili, au Kilendu, Kihema, Alur, kadiri ya nyumba wanayoiendea. Muuguzi anatazama kama hawakukosea mahali pa dawa. Kisha wanakwenda nyumbani kwa mama yule, wanaketi chini, wanasoma, wanajaribu pamoja, na wanarudi juma lijalo kuona. Msimwite mtoto mbele ya watu kuwa mfano. Mwulizeni jina lake, mwulizeni anapenda nini. Hata asiyesema ana namna ya kujibu, na mama yake anaijua.

Mwenye ulemavu aliyekomaa hahitaji kusomewa kama mtoto. Yeye awe miongoni mwa wanaochagua kitabu. Mefiboshethi hakuletewa chakula Lo-debari. Daudi alituma watu wakamlete, akala mezani pa mfalme siku zote, na miguu yake bado ilikuwa vile vile. Hapo ninawaona pia wale waliotumwa, ambao majina yao hayakuandikwa. Safari ilikuwa ndefu, naye hakuweza kutembea.

Wanaotaka kuanza wasingoje kitabu kizima. Bei ya nakala za kurasa kumi ni ndogo kuliko bei ya kikapu cha sadaka ya nguo. Zitieni katika mfuko wa plastiki, maana turubai huvuja. Na kwa juma la kwanza ukurasa mmoja unatosha: ule wa kumlisha mtoto akiwa ameketi.